Kansas 1909: mbona alama zilikuwa chache?

Ndugu uliyeuliza kwa nini timu za mpira wa kikapu za vyuo vya Marekani miaka ile zilimaliza mechi na alama kama 16 kwa 5: hawakuwa wabovu, sheria ndizo zilikuwa nyingine. Kila kikapu kikiingia, mpira ulirudishwa katikati, refa akaurusha juu, wachezaji wawili warefu wakaruka kuugombea. Kila kikapu! Utaratibu huo uliondolewa 1937 tu. Ukiongoza, unakaa na mpira utakavyo, maana vyuo (vya wanaume) havikuwa na saa ya kurusha, yaani muda maalumu wa kulazimisha timu irushe mpira kikapuni, mpaka miaka ya 1980. Na mpira wenyewe ulishonwa kwa kamba kama ya kiatu, ukigonga sakafu upande wa kamba unakwenda unakotaka wenyewe.

Hiyo 16-5 ni mechi ya kwanza kabisa ya Chuo Kikuu cha Kansas, Februari 1899. Walipigwa, na kocha wao alikuwa James Naismith, yule yule aliyebuni mchezo 1891! Alimaliza na ushindi 55 na vipigo 60, kocha pekee wa Kansas mwenye vipigo vingi kuliko ushindi. Kwake ilikuwa mazoezi ya mwili zaidi kuliko vita.

Ukitaka msimu wa kusisimua, soma wa 1908-09. Mwanafunzi wake Phog Allen, akiwa kocha wa Kansas, alishinda mechi 25 akapoteza 3, na msimu huo huo akafundisha pia timu ya chuo kingine, Haskell. Sijui alilala saa ngapi.