Shangazi, tuchome sanduku la baba?

*Shangazi, shikamoo. Naandika kutoka Pasiansi, Mwanza. Baada ya kumzika baba tumekuta sanduku lake: aproni nyeupe, cheti cha kumshukuru kwa miaka 30 ya utumishi katika loji (tawi la wanachama) ya Freemason, na daftari la majina na hela, kama "mjane wa Kirumba, ada ya muhula wa pili" au "mzee wa Igogo, dawa za presha". Kaka anasema sasa amejua kwa nini mdogo wetu alikufa kwenye meli ya MV Bukoba: baba alimtoa kafara. Anataka tuchome vyote. Mama hali chakula. Sisi ni Wakatoliki. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Nianze na mdogo wako. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa karibu kabisa, imepakia kupita uwezo wake. Walikufa mamia. Nendeni wewe na kaka yako Igoma, walikozikwa wengi wao, mtembee kati ya yale makaburi. Kila aliyelala pale alikuwa na baba. Kaka yako amebeba kifo hicho miaka yote hii, na leo amempata wa kumlaumu ambaye hawezi kujibu. Usigombane naye. Muulize siku ile alikuwa wapi, nani alimpa habari. Nahisi hajawahi kuulizwa.

Hao Freemason nao wanasemwa mengi vijiweni. Grandi Loji ya kwanza, yaani chombo cha kusimamia loji, iliundwa London mwaka 1717, na bikari na skwea ya kupimia pembe mnazoziona kwenye nembo yao ni zana za waashi. Katika loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza, asiyemwamini Mungu hapokelewi, na mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi humo. Hapa Tanzania Sir Andy Chande aliziongoza loji za Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila kujificha. Loji huwa na mtu wa kufuatilia wagonjwa na wajane. Kwa daftari hilo, naamini baba yako ndiye aliyeifanya kazi hiyo, akaenda nyumba hadi nyumba, na nyie hamkujua!

Lakini sitakudanganya kuhusu Kanisa. Tamko la Vatikani la Novemba 1983 linasema Mkatoliki aliyejiunga nao yumo katika dhambi kubwa na asikaribie komunyo. Kumbuka, je, baba alikuwa akipanga foleni ya komunyo, au alibaki kwenye benchi? Mama anajua. Nenda naye kwa paroko, mwelezeni wazi, mwombe misa ya marehemu.

Sanduku lifungeni, ufunguo akae nao mama. Yeye ndiye mjane, hakuna wa kuchoma kitu bila kauli yake. Daftari libaki nje. Jioni moja lisome kwa sauti, kaka akiwepo, jina kwa jina. Huenda yule mjane wa Kirumba bado yupo na hajui kwamba baba yenu amefariki. Mtafuteni.

Na leo mpikie mama uji, ukae naye mpaka amalize.