Silinda ya swichi ikigoma, hangaika na ufunguo kwanza

Mkuu, umesema ufunguo unaingia vizuri ila hauzunguki hata kidogo, na unataka kuing'oa silinda ya swichi ya gari (kile kipande chenye tundu la ufunguo) mwenyewe nyumbani. Inawezekana. Nimeshang'oa kadhaa, na kung'oa kwenyewe si kugumu: silinda nyingi zinashikiliwa na kipini kimoja chenye springi. Tatizo ni kwamba kipini hicho kwa kawaida hakibonyei mpaka ufunguo ufike ACC, yaani hatua ya kwanza ya kuzungusha, ile inayowasha redio. Kwa hiyo pambana kwanza uzunguke hatua hiyo moja.

Anza na stelingi. Gari likizimwa tairi zikiwa zimekata kona, kufuli la stelingi linabanwa na swichi inagoma ingawa ni nzima. Tikisa stelingi kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo taratibu.

Ikishindikana, jaribu ufunguo wa akiba. Ndani ya silinda kuna vibati vidogo vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo. Meno yakilika, kibati kimoja tu kikibaki kimechomoza, silinda haisogei. Ndiyo maana ufunguo uliochongwa kwa kuiga ule uliolika hausaidii kitu. Kisha puliza unga wa grafaiti tunduni, ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi, halafu ukiwa ndani gonga uso wa silinda kwa mpini wa bisibisi, vipigo vyepesi vya harakaharaka, huku mkono mwingine ukizungusha. Kichwa cha ufunguo usikigonge kama kina chipu, kile kidude cha kielektroniki kinachotambuliwa na gari. Oili nzito siipendi kabisa humo, inakamata vumbi na kugeuka tope. Na koleo weka mbali, ufunguo ukikatikia ndani kazi inakuwa nyingine.

Ukishazunguka, toa waya hasi wa betri na usubiri dakika 10 hivi, maana hapo uko jirani na eabegi, mfuko wa hewa wa usalama ulio kwenye stelingi. Fungua skrubu za plastiki za chini ya stelingi. Kama kuna pete ya immobilaiza (mfumo unaosoma chipu ya ufunguo) kuzunguka tundu la ufunguo, ichomoe kwa upole. Tafuta kitundu kidogo ubavuni, ingiza waya mgumu, bonyeza, kisha vuta silinda kwa ufunguo wenyewe. Isipotoka, usiongeze nguvu. Endelea kubonyeza huku ukiusogeza ufunguo kidogo sana mbele na nyuma ya ACC. Kuna sehemu finyu ambapo utahisi kipini kinazama ghafla.

Ikigoma kabisa, ndipo drili. Vaa miwani, anza na biti nyembamba kwenye tundu la ufunguo, panua polepole. Silinda hiyo haitafaa tena, hivyo nunua mpya kabla hujatoboa, na ya zamani ikishatoka, zilinganishe umbo la mkia (ncha ya nyuma) zikiwa mkononi kabla ya kufunga mpya. Chipu ya ufunguo wa zamani itunze. Bila chipu inayotambuliwa na gari, injini haiwaki hata silinda mpya ikizunguka vizuri. Usirudishe plastiki mpaka uwe umejaribu hatua zote za ufunguo na kuhakikisha stelingi inafunguka kabisa.