Uligongwa nyuma na hukuumia? Usiseme hivyo kwanza: hatua za kuchukua baada ya ajali ya gari

Ndugu, umeeleza kwamba jana jioni uligongwa nyuma ukiwa umesimama kwenye taa, kwamba bampa na buti vimebonyea, kwamba hukuumia, na kwamba dereva aliyekugonga amekuomba mmalizane wenyewe bila polisi wala bima. Unauliza kama ukubali, na ni hatua gani mtu achukue baada ya ajali. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu miaka michache iliyopita niligongwa vivyo hivyo, na katika yote niliyoyafanya siku ile, lililonigharimu zaidi ni kusema na kuandika kwamba sijaumia.

Nilishuka garini nikitembea na kuongea vizuri, hata nikamsaidia yule kijana kuokota vipande vya taa barabarani. Mikono ilinitetemeka, nikadhani ni hofu tu. Akatoa karatasi, akaandika kwamba hakuna aliyejeruhiwa na kwamba atalitengeneza gari kwa gharama yake, nami nikatia saini juu ya boneti. Usiku nililala bila shida. Kesho yake asubuhi nilishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Ilinibidi nikishike kwa mikono miwili, kama anyanyuavyo mtu chungu kilichojaa maji, ndipo nikaweza kuketi.

Daktari alinifafanulia jambo ambalo natamani kila dereva alijue. Gari linapogongwa nyuma, kiti huusukuma mgongo mbele huku kichwa kikichelewa kidogo, kisha kichwa nacho hurushwa, na misuli na kano za shingo huvutwa kupita kiasi. Wakati huohuo mwili hutoa adrenalini, ambayo hufunika maumivu, na uvimbe wenyewe huchukua saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo mtu anaposema pale barabarani kwamba ni mzima, hadanganyi, ila anasema jambo ambalo bado hana namna ya kulijua.

Basi hatua yako ya kwanza leo, kabla hata ya kulipeleka gari kwa fundi, ni kwenda kupimwa, na umweleze daktari kwamba uligongwa, lini na kutoka upande gani, ili iandikwe kwenye cheti chako. Kichwa kikizidi kuuma, ukitapika tena na tena, ukisinzia kuliko kawaida, ukichanganyikiwa, au mkono au mguu ukifa ganzi, usingoje miadi, nenda kwenye huduma ya dharura saa hiyohiyo. Angalia pia tumbo na kifua: alama ya mkanda iliyovilia damu tumboni, pamoja na maumivu au tumbo kukaza, inaweza kuashiria kwamba wengu, ini au utumbo umeumia ndani ingawa ngozi haikupasuka. Kama kwenye gari alikuwemo mama mjamzito, apelekwe hata kama anajisikia vizuri kabisa, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuanza kuachia bila dalili kubwa. Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye apelekwe hata kama alijigonga kichwa kidogo tu.

Kwa wengine watakaosoma, na kwa siku nyingine ambayo naomba isikufike, utaratibu wa eneo la ajali ni huu. Simama, kuondoka ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na huenda uliyemwacha alikuwa akikuhitaji. Zima injini, vuta breki ya mkono, washa taa za hadhari, kisha tazama nyuma kabla ya kufungua mlango, maana wapo wanaonusurika kwenye mgongano wakagongwa na gari la pili wanaposhuka. Weka pembetatu ya kuakisi mbali vya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate nafasi ya kupunguza mwendo, hasa kwenye kona au penye mlima, kisha kaeni wote kando ya barabara, si katikati ya magari mawili.

Palipo na majeruhi, piga simu ya dharura kwanza, na jambo la kwanza kusema ni mahali mlipo, ili hata simu ikikatika wajue pa kuja. Damu inayotoka kwa wingi izuie kwa kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, na kikilowa ongeza kingine juu yake badala ya kukibandua. Usimvute mtu kutoka garini kwa sababu tu ya huruma. Shingo au uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumvuta huko kunaweza kumpoozesha. Mtoe ikiwa kuna moto, au hatari nyingine inayomkabili saa hiyo, au ikiwa hapumui na hawezi kusaidiwa alipo. Gari likiwa la umeme, usiguse nyaya za rangi ya machungwa, na uwaambie waokoaji, kwa kuwa betri yake inaweza kuwaka tena saa nyingi baada ya moto kuzimwa.

Watu wakishakuwa salama ndipo uje ushahidi, na hapa simu yako inatosha. Piga picha za mbali kwanza, zionyeshe magari yote yalivyokaa kabla hayajasogezwa, alama za matairi, taa na vibao vya barabarani. Kisha za karibu, zionyeshe kila palipobonyea, namba za usajili na stika ya bima ya mwenzako. Chukua jina lake, simu na namba ya leseni, na uombe simu za mashahidi wawili, kwa sababu wapita njia hutawanyika upesi mno. Kama una kamera ya dashibodi, hifadhi rekodi siku hiyohiyo, maana nyingi hujifuta zenyewe zinapojaa. Kisha andika kwa maneno yako ulichokiona, jioni ileile. Mimi sikuandika, na wiki tatu baadaye nilipoulizwa kama taa ilikuwa imeshageuka kijani, nilibaki kimya.

Kuhusu maneno, kuwa mpole na muungwana, mwulize mwenzako kama ameumia, lakini usikiri kosa wala usimtwishe yeye. Eleza tu kilichotokea, na polisi wanapofika wajibu kwa ukweli bila kukisia mwendo wala umbali. Chukua namba ya taarifa yao. Bima yako ijulishe mapema, hata kama hutarajii kudai, kwa kuwa mikataba mingi huweka muda wa kutoa taarifa, na anayechelewa huweza kunyimwa fidia. Usianze matengenezo kabla mkadiriaji hajaliona gari, na utunze kila stakabadhi, hata ya nauli ya kwenda hospitali. Kiti cha mtoto kilichokuwemo katika mgongano mkubwa kibadilishwe hata kama hakina ufa unaoonekana.

Sasa kuhusu ombi la kumalizana. Karatasi yangu ilisomwa mbele yangu nilipodai gharama za matibabu, sentensi kwa sentensi, na saini ilikuwa yangu. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, kama anavyoogopa huyu wako. Mpigie leo kwa adabu, umwambie kwamba unakwenda hospitali, kwamba unatoa taarifa polisi na kwa bima yako, na kwamba hutatia saini yoyote inayozungumzia afya yako mpaka daktari amalize kukuangalia. Akisisitiza kulipa gari peke yake, iandikwe wazi kwamba malipo hayo ni ya bampa na buti tu na hayagusi madai mengine, na hata hapo mwonyeshe wakili au bima yako karatasi hiyo kabla ya kuitia saini. Ukiamka kesho na shingo imekaza, rudi kwa daktari yuleyule, ili maumivu hayo yaandikwe kwenye faili lilelile.