Maswali ya Wasomaji: Kutu Iliyojificha Chini ya Bodi Nzuri

SWALI: Ndugu Mshauri, nimerithi kwa marehemu baba Land Rover 109 ya mwaka 1976, ambayo kwa miaka mingi ilishusha kahawa kutoka Kibosho hadi Moshi mjini. Bodi yake haina kutu hata kidogo, nami niliipeleka gereji kupigwa rangi tu, ili iwe tayari Desemba ndugu watakapopanda nyumbani kwa Krismasi. Fundi alipokuwa akikwangua matope chini, bisibisi yake ilizama ndani ya chasisi karibu na springi ya nyuma. Yeye anashauri tubandike bati juu ya tundu, kazi ya siku mbili. Fundi wa pili anasema chasisi nzima itupwe. Nimwamini nani?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Kwa sasa usimwamini yeyote, ndugu yangu, kwa sababu wote wawili wamehukumu gari zima kwa kuangalia tundu moja.

Kilichokupotosha ni bodi. Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndipo watengenezaji wakaamua kutumia alumini katika sehemu kubwa ya bodi, na desturi hiyo ikaendelea hadi toleo la gari lako. Alumini haitoi kutu nyekundu, kwa hiyo gari laweza kung'aa juu huku chasisi ya chuma inayolibeba ikiwa imekwisha. Huo ndio uzuri wa mkakasi. Hata hivyo, tazama chini ya milango, pale alumini inapogusana na fremu ya chuma: ukiona unga mweupe na rangi iliyofura, ujue kwamba metali hizo mbili zimekuwa zikilana kwa msaada wa unyevu.

Chasisi ya gari hilo ni boriti yenye uwazi ndani, iliyoundwa kwa mabati yenye unene wa takriban milimita 2 yaliyochomelewa kwenye kingo. Ina matundu madogo ya kutolea maji, lakini udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro huyaziba, na matope yaliyoingia wakati wa masika hubaki na unyevu wiki nyingi baada ya barabara kukauka. Kutu basi huanza upande wa ndani, mahali ambapo hakuna brashi ya rangi iliyowahi kufika, na hula bati kuelekea nje. Kwa sababu hiyo tundu lililoonekana si mwanzo wa ugonjwa, bali ni dalili yake ya mwisho mahali hapo.

Ukaguzi ufanyike hivi. Gari liinuliwe na kuegemezwa juu ya stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki peke yake, kisha chasisi ioshwe kwa maji ya presha na kuachwa ikauke. Fundi apite na nyundo ndogo akigonga kila baada ya sentimita chache: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti iliyofifia, na mara nyingine magamba husikika yakidondoka ndani. Alama zote ziwekwe kwa chaki. Asisahau boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya tela, mahali springi zinaposhikiliwa mbele na nyuma, mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba bodi, sehemu iliyo juu ya tangi la mafuta, na ukuta unaotenganisha injini na dereva, hasa pale miguu inapokaa, kwa kuwa ukuta huo nao ni wa chuma. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa itafichua mahali kwenye ukuta huo palipozibwa kwa puti, maana haitashika. Siku hizi zipo pia kamera nyembamba za kuunganisha na simu, zinazopenya kwenye matundu ya chasisi. Mimi mwenyewe huziamini kuliko maneno ya muuza gari.

Kama alama za chaki zimekusanyika sehemu mbili au tatu, chasisi inatibika, lakini si kwa kubandika. Bati lililowekwa juu ya kutu hutengeneza mfuko mpya wa maji, na uchomeleaji wake hushikilia chuma kilichokwisha kuoza. Sehemu mbovu ikatwe mpaka kifikiwe chuma kizima, ndipo kiraka cha unene uleule au kuzidi kidogo kichomelewe, kikiwa na kingo za mshazari ili uzito usiangukie mstari mmoja wa wima. Kabla ya kukata, bodi na chasisi vitegemezwe, na vipimo vya kona hadi kona vichukuliwe na kuandikwa. Virudiwe baada ya kazi, kwani joto hupinda chuma. Mashine ya kuchomelea ya waya na gesi hufaa zaidi kwa bati jembamba kuliko ya fimbo, ambayo mikononi mwa asiye mzoefu hutoboa kuliko kuunga. Betri ifunguliwe na tangi la mafuta lishushwe kabisa. Kulimimina tu hakutoshi, kwa kuwa mvuke unaobaki ndio unaolipuka.

Kazi ikiisha, matundu ya kutolea maji yazibuliwe na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya boriti. Najua gereji zetu hupenda oili chafu. Inasaidia kiasi, lakini huharibu bushi za mpira, na fundi atakayechomelea baadaye atakutana na moto.

Iwapo chaki imejaa kote, fundi wa pili atakuwa na haki. Chasisi mpya zilizopakwa zinki bado zinatengenezwa Uingereza, lakini nenda kwanza TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, uulize utaratibu, kwa sababu namba ya chasisi ndiyo inayolitambulisha gari kwenye kadi ya usajili. Ama kuhusu Desemba, waambie ndugu mapema kwamba mwaka huu mtapanda Kibosho kwa gari jingine.

SWALI: Volkswagen Beetle yangu ya kubebea maharusi, ikiinuliwa kwa jeki, mlango unagoma kufunguka, na zulia la nyuma upande wa kulia lina unyevu daima. Je, ni bawaba?
Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Bawaba hazina kosa. Mlango unabanwa kwa sababu bodi inajikunja, na mara nyingi kinachosababisha ni kuoza kwa mirija mipana iliyo chini ya milango, ambayo hupitisha hewa ya moto na wakati huohuo ndiyo uti wa mgongo wa bodi. Kabla ya mirija hiyo kukatwa, fundi achomelee vyuma vya muda kukatiza uwazi wa kila mlango, la sivyo hautafunga tena ipasavyo. Unyevu nao una jambo lake: betri ya gari hilo hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande huohuo wa kulia, na asidi inayovuja hula sakafu. Itoe betri, osha sakafu kwa maji yenye magadi kidogo, kisha uibonyeze kwa bisibisi. Ikizama, usibebe maharusi mpaka sakafu hiyo ibadilishwe.