Miaka ya jeshi haihesabiwi kuwa saa za kuruka

SWALI: Kapteni, assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, umri wangu miaka 33. Nimemaliza mkataba jeshini baada ya miaka tisa. Sikuwa rubani, nilikuwa upande wa ugavi, lakini nimepanda helikopta mara nyingi, nimepakia mizigo na nimesaidia kuziongoza zitue. Sasa nataka kusomea urubani wa helikopta. Nimepata wakala anayesema kwa barua ya utumishi wangu nitapunguziwa saa nyingi, nitasoma miezi mitatu tu nje ya nchi na kurudi na leseni ya kimataifa. Kaka yangu yuko tayari tuuze sehemu ya shamba la mikarafuu. Nina kilo 96 na navaa miwani. Nianzie wapi?

JAWABU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza mwambie kaka yako aiwache hiyo mikarafuu ilipo. Ya pili, huyo wakala muulize swali moja tu kwa maandishi: hizo saa nitakazopunguziwa zimeandikwa kwenye kanuni gani, ya nchi gani? Hatokujibu. Atakupigia simu.

Barua kama yako napokea kila mara. Mmoja katoka JKU, mwingine KMKM, mwingine JWTZ kama wewe, na wote wameambiwa maneno yale yale: jeshi litawakatia njia. Na mimi kila nikiyasoma damu inanipanda, kwa sababu wanaowaambia hivyo wanajua kuwa si kweli.

Saa ya kuruka ni ile uliyokaa kwenye kiti chenye vidhibiti, na mwalimu pembeni au peke yako, na ikaandikwa kwenye logibuku yako, yaani daftari rasmi la safari za rubani. Ukiifungua logibuku utaona safu zake: tarehe, aina ya helikopta, namba ya usajili (za kwetu huanza na 5H), ulipoondoka, ulipotua, nani alikuwa rubani mkuu, umejifunza nini, kisha muda kwa desimali. Saa moja na dakika 18 huandikwa 1.3. Mwalimu anatia saini. Siku ya ukaguzi mkaguzi huichukua safari yako moja na kuilinganisha na kumbukumbu za helikopta yenyewe: je, siku hiyo iliruka kweli, na kwa muda huo? Aliyekaa nyuma na magunia hana safu kwenye daftari hilo, hata angekaa huko miaka ishirini. Barua ya kamanda wako ni heshima kubwa, iweke, itakufaa siku ya kuomba kazi. Lakini haina hata dakika moja ya kuruka ndani yake.

Huo uongo una chembe mbili za ukweli, ndiyo maana unauzika.

Chembe ya kwanza ni kwamba saa hupunguzwa kweli. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cha leseni ya rubani wa biashara wa helikopta, hiyo tunayoiita CPL, ni saa 150, na hushuka hadi 100 kwa mwanafunzi aliyesoma kozi nzima katika chuo kilichoidhinishwa na mamlaka ya anga. Anayepunguziwa ni mwanafunzi wa kozi iliyopangwa na kukaguliwa, awe katoka jeshini au katoka kuuza urojo Forodhani. Na ndani ya saa hizo mna masharti: angalau 35 uwe rubani mkuu mwenyewe, 10 za safari ya masafa ukiwa rubani mkuu, na 10 za mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo. Wakala kaliokota neno "punguzo" akaliunganisha na barua yako.

Chembe ya pili inatoka Marekani. Wengi mnaangalia video za askari wa zamani wa kule wanaosomea helikopta kwa fedha za serikali. Ni kweli. Wana sheria ya mafao inayoitwa GI Bill, na hata wao, kwenye vyuo vya urubani visivyo vya shahada, hutakiwa wawe wameshapata leseni ya rubani binafsi na cheti cha afya kabla serikali haijalipa chochote. Tena mafao hayo yanalipa ada, hayafuti saa. Aliyekuwa rubani wa jeshi lao ndiye anayeweza kubadilishiwa leseni kwa mtihani, kwa sababu saa anazo tayari. Hata kwetu, aliyerusha helikopta ya jeshi ana kumbukumbu zake za kupeleka TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, zikapimwa. Wewe wa ugavi unaanza sifuri, sawa na kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Najua linauma, ila ni bora likuume sasa.

Kwa nini tunazing'ang'ania hizo saa? Chukua Robinson R22, helikopta ndogo ya viti viwili ambayo vyuo vingi hufundishia. Unakaa kiti cha kulia. Mkono wa kushoto umeshika kolektivi, mwenzo wa kupandisha na kushusha; wa kulia umeshika saikliki, fimbo ya kuielekeza mbele, nyuma na pembeni; miguu iko juu ya pedali. Ukinyanyua kolektivi pua inageuka kulia, basi unakanyaga pedali ya kushoto. Pedali nayo inakula nguvu ya injini, chombo kinataka kushuka, unanyanyua tena kidogo, na mzunguko unaanza upya. Siku za mwanzo mwanafunzi akiachiwa vidhibiti mita moja juu ya majani, helikopta huzurura kama dau lililokatika nanga. Halafu siku moja mikono inaelewa, na hakuna anayejua kueleza imeelewaje.

Injini ikizimika angani, kwenye R22 una kama sekunde moja ya kushusha kolektivi ili rota, yale mapanga ya juu, iendelee kuzungushwa na upepo unaotoka chini. Ukichelewa, mzunguko wa rota unaanguka, na ukishaanguka kupita kiasi haurudi. Mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani iliweka masharti ya pekee ya mafunzo kwa R22 na R44, ndugu yake mkubwa wa viti vinne, kwa sababu ya ajali za namna hii. Na usidhani joto letu linakulinda na kila kitu: katika unyevu wa masika kabureta, kile kifaa cha injini kinachochanganya mafuta na hewa, inaweza kushika barafu ndani hata kipimajoto kikiwa nyuzi 25. Mambo haya mkono huyajua kwa kurudia, na kurudia ndizo hizo saa. Miezi mitatu? Toa siku za mvua, siku chombo kiko kwa mafundi, siku za mitihani ya nadharia, na siku mwalimu anaposema leo uchovu umekuzidi, nenda nyumbani.

Jeshi limekupa kitu, sikatai. Mtu aliyezoea kusoma orodha ya ukaguzi mstari kwa mstari bila kuruka, anayeamka alfajiri, asiyebishana na vifaa, huyo mwalimu humpenda. Lakini kuna tabia moja ya jeshini utaivua mlangoni: kutii. Rubani mkuu ndiye anayesema hapana. Bosi anataka kuwahi hoteli Nungwi, wingu limeshuka, wewe unasema hapana, na mshahara wako uko mikononi mwake. Januari 26, 2020, helikopta aliyopanda Kobe Bryant ilianguka karibu na Los Angeles. Rubani alikuwa na zaidi ya saa 8,000. Aliingia kwenye wingu, akapoteza hisia ya juu na chini, na wachunguzi wakataja shinikizo alilojitwika mwenyewe la kumfikisha mteja. Mwenye saa 8,000. Sasa nipe mwenye saa za kubuni.

Kuhusu wewe mwenyewe. Miwani si kikwazo, wala usimlipe mtu akutafutie "daktari rafiki". Kinachotakiwa ni kila jicho lifikie 6/9 na yote mawili pamoja 6/6, ukiwa na miwani, na uzitambue rangi. Kwa mtu wa jeshi mimi nahofia zaidi masikio. Milio ya risasi na injini hula sauti za juu polepole bila mwenyewe kujua. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho CPL inakidai, hakiruhusu upungufu wa zaidi ya desibeli 35 kwenye hezi 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya 50 kwenye 3,000. Kwa hiyo safari yako ya kwanza ni kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, kabla ya chuo, kabla ya viza, kabla ya dalali wa shamba. Na omba cha daraja la kwanza, usidanganyike na cha pili kinachomtosha rubani binafsi. Wapo waliomaliza ada yote ndipo wakagundua moyo au sikio linawakatalia.

Kilo zako 96 zinapita, kwa sababu kikomo cha kiti cha R22 ni kilo 109 pamoja na chochote ulichoweka chini ya kiti. Lakini piga hesabu: helikopta yenyewe tupu ina takriban kilo 400, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni 622. Wewe na mwalimu wa kilo 85 mmeshakula 181. Mafuta yanabakiwa na kilo 41 tu, hata tangi kuu halijai, na kwenye jua kali chombo kinanyanyuka kwa shida. Chuo kitakuhamishia R44, ambayo saa yake ni ghali zaidi. Chuo cha kweli kinakuuliza uzito siku ya kwanza. Wakala wako amekuuliza?

Hiyo "leseni ya kimataifa" haipo duniani. Leseni ya rubani hutolewa na nchi. Ukisoma Afrika Kusini unapata ya Afrika Kusini, ukisoma Marekani unapata ya Marekani, na ukirudi unaomba TCAA waitambue au waibadilishe, kwa mitihani na majaribio watakayokutaka. Wala hakuna ya Zanzibar peke yake. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, uwe unaruka Kisauni ya Unguja, Chake Chake au Mwanza. Basi chuo chochote utakachotajiwa, andika barua pepe moja kwa mamlaka ya anga ya nchi hiyo kuuliza kama kimeidhinishwa kufundisha helikopta, na nyingine TCAA. Haigharimu kitu. Na hakikisha ni helikopta kweli, maana kuna vyuo vizuri tu vya ndege za mabawa ambavyo mawakala huvitumia picha zake. Kiingereza pia usikidharau: kipimo cha ICAO kinataka angalau kiwango cha nne, na anayepata cha nne hurudia mtihani baada ya muda.

Sasa pesa. Tuchukue saa moja ya R22 ni dola 350, bei ya kawaida tu. Saa 150 ni dola 52,500, na hapo hujala, hujalala, hujalipia mwalimu wa darasani wala mtihani. Wakala anayekuambia dola elfu tisa kwa kila kitu anakuuzia nini? Rahisi huvunja upishi, na upishi wenyewe huu unapaa angani.

Tena hilo bado si shimo kubwa. Shimo lipo baada ya leseni. Rubani wa saa 150 au 200 hakuna anayemkabidhi watalii wala wagonjwa, na hata mwenye kampuni akitaka, mwenye bima anakataa. Marekani vijana huvuka kwa kufundisha wenzao mpaka wafike kama saa 1,000, ndipo kampuni za utalii zinawatazama; lakini wewe uliyeingia kwa viza ya mwanafunzi huna ruhusa ya kufanya kazi kama wao. Kabla ya kuuza chochote, nenda kwa kampuni za helikopta zilizopo nchini, uliza kwa adabu: mnaajiri wa saa ngapi, na aina gani ya helikopta? Majibu yao ndiyo mpango wako wa masomo. Kama mpango wako una bajeti ya leseni na hauna ya miaka miwili ya kutafuta saa, hauna mpango bado.

Wazazi nanyi mnaosoma hapa kwa ajili ya watoto, mawakala hawa hawakai kwenye helikopta tu. Wamo kwenye ubaharia, wamo kwenye uhudumu wa ndege, na kanuni zao ni hizi hizi: fedha kwa simu kwenye jina la mtu binafsi, risiti isiyo na anwani, haraka ya "nafasi mbili zimebaki", na cheti kinachotajwa kabla ya mafunzo. Chuo halali hukubali ulipe kwa awamu kadiri unavyoruka. Anayetaka ada yote mbele, hata kama ni chuo chenye helikopta uwanjani, mkimbie. Vyuo vya urubani hufilisika, na mwanafunzi hubaki na deni na saa 30.

Na waliokwisha kunaswa, msitupe tena. Dalili ya mkono wa pili ni pale wakala anaporudi kudai "ada ya kubadilisha leseni TCAA". Ada za TCAA hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mamlaka yenyewe, kwa jina lako. Ikiwa amekupa namba ya simu, chukua meseji zake na risiti zako zote uende polisi, usimjulishe kuwa unakwenda.