Zima Muziki Ukiwa Njiani: Kwa Wanaoanza Gemu za Mbio za Uhalisia

Kama ndiyo kwanza umenunua usukani na unataka kuhama kutoka gemu za kukanyaga mafuta na kugonga wenzio uingie kwenye zile za uhalisia, jambo la kwanza nitakalokuomba halihusu usukani wala pedali. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya sauti, shusha muziki wa wakati wa mbio mpaka sifuri. Wa kwenye menyu uache. Wa kwenye marudio uache. Nasemea ule unaopigwa gari likiwa kwenye lami.

Najua utabisha, maana karibu kila kijana ninayemkalisha kwenye kiti cha usukani kumfundisha hubisha. Wengine hudhani tunawanyima raha, wengine hudhani tunajifanya wataalamu tunaopenda mambo makavu. Hoja yangu ni ya kazi tu. Kwenye simuleta, yaani gemu inayoiga uendeshaji wa kweli, sikio limebebeshwa kazi ambayo kwenye gari la kweli hufanywa na mwili mzima. Ukiliongezea wimbo, ile kazi inabaki bila mtu.

Dereva wa mbio aliye kwenye gari halisi amefungwa mikanda kwenye kiti kigumu kilichoshikamana na bodi. Nyuma ikianza kuteleza, anaijua mgongoni na nyongani kabla macho hayajaona pua ya gari ikigeuka. Akikanyaga breki, shingo yake inamwambia amekanyaga kiasi gani. Wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya skrini, na kiti hicho hakina la kukwambia. Usukani wenye mota utakupa habari za tairi za mbele, tena ukiwa mzuri. Habari za tairi za nyuma, za mzunguko wa injini, za breki zilizojifunga, za gari lililo ubavuni ambalo huwezi kuliona, nyingi zinapita kwenye spika. Anayetumia padi ndiyo kabisa, kwa sababu ule mtetemo wa viganjani haumtofautishii mbele na nyuma.

Anza na injini, ndiyo rahisi kuisikia. Injini ya silinda 4 hulipua mara 2 kwa kila mzunguko wa krenki. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 100 kwa sekunde, na ndiyo sauti ya msingi inayokufikia. Ikifika 6,000, ni milipuko 200. Sasa chukua gitaa la besi: uzi wake mwembamba kuliko zote, ukipigwa bila kubanwa, hutetema kama mara 98 kwa sekunde. Yaani besi ya wimbo inakaa palepale injini yako inapokaa. Sauti mbili zikigombea eneo moja, yenye nguvu huifunika nyenzake, na wimbo uliotoka studio umeshabanwa ili uwe na nguvu mwanzo mpaka mwisho. Kinachopotea ni injini. Utabaki kuchungulia mshale wa dashibodi ili ujue lini ubadilishe gia, na macho yaliyo kwenye mshale hayapo kwenye kona.

Fanya zoezi hili. Chukua Mazda MX-5 ya mashindano, gari ambalo wanaoanza gemu ya iRacing hupewa na gemu nyingine kadhaa za aina hii wanalo. Ficha kila kitu kwenye skrini: mshale, namba ya gia, taa za kubadilishia. Nenda Laguna Seca, uwanja wa mbio wa Marekani, uendeshe kwa sikio. Mwanzoni utabadilisha gia mapema mno, au utachelewa mpaka injini ipige ile tatatata ya kugonga kikomo. Usijali. Baada ya muda mkono utakuwa unakwenda kwenye gia wenyewe, bila wewe kuamua.

Halafu njoo kwenye kupunguza mwendo. Laguna Seca kuna kona maarufu, Corkscrew, unaipandia kilima huku huoni upande wa pili, kisha gari linadondoka kama mita 18 ndani ya kushoto na kulia zinazofuatana. Breki unakanyaga ukiwa bado unapanda. Ukishusha gia kabla kasi haijapungua vya kutosha, injini hupaza sauti ghafla na tairi za nyuma hutoa mlio mfupi, mwembamba. Huo mlio ndio onyo lako pekee. Ukiusikia, unaachia breki kidogo, gari linatulia, unaendelea. Usipousikia, utajua mambo yameharibika gari likiwa limeshatazama ulikotoka. Wimbo ukiwa umekolea, ule mlio huupati, maana ni mfupi na uko katikati ya matoazi.

Tairi ndizo ngumu zaidi kuzisoma, na ndizo zinazolipa zaidi. Tairi ya kawaida ya mtaani ikiwa na mshiko wa kutosha huvuma tu. Ikikaribia mwisho wa mshiko huanza kunung'unika chinichini. Ikifika kileleni huimba kwa sauti moja iliyotulia. Ukizidi kukata usukani, sauti inakuwa ya kukwaruza, na hapo gari halikati tena, linasukumwa mbele tu huku wewe ukidhani unajitahidi. Wanaoanza wengi huamini tairi ikilia ni kosa, kwa hiyo wanakata kona kwa woga. Wengine huifurahia ile ya kukwaruza kwa kuwa inawapa hisia ya kasi. Unayoitafuta ni ile iliyotulia, uishike kuanzia unapoingia mpaka unapotoka.

Jihadhari tu kwamba gemu hazilingani katika hili. Za Gran Turismo hulia kwa sauti kubwa, na kwa maoni yangu hulia mapema mno. Tairi za mashindano zisizo na kashata, yaani laini bila mifereji, kwenye Assetto Corsa Competizione hazilii hivyo, utasikia zaidi msuguano mkavu. Kila ukihamia gemu mpya, tenga mizunguko ya kwanza kwa ajili ya kusikiliza, hata kama muda wako utakuwa wa aibu.

Kwenye rali sina hata mjadala. Pale kuna mtu anazungumza. Tangu Colin McRae Rally ya 1998, ambako sauti ya msoma ramani ilikuwa ya Nicky Grist mwenyewe aliyekuwa akikaa na dereva McRae kwenye gari la kweli, gemu za rali zenye heshima zimekuwa zikinyamaza njiani ili umsikie. EA Sports WRC ya 2023 ina Safari Rally ya Kenya, nayo ni shule nzuri sana ya masikio. Msoma ramani anakutajia kona kwa namba, ndogo zikiwa kona kali na 6 ikiwa ile ya kupita na mafuta yote, na anakutajia kona ya mbele wakati wewe bado uko kwenye ya nyuma. Ukikosa neno moja, "inabana" kwa mfano, umeingia kichakani. Na chini ya sauti yake kuna sauti nyingine: changarawe zinazopiga sakafu ya gari. Zikitulia ghafla na injini ikaanza kulemewa, umeingia kwenye lile vumbi laini kama unga ambalo madereva wa kweli huko Naivasha hulilalamikia kila mwaka. Hapo ndipo pa kuongeza mafuta badala ya kuachia, na sikio hukwambia kabla ya macho, kwa sababu macho yanaona vumbi tupu.

Lakini na wazee wa simuleta nao nisiwaache. Wapo wanaosema gemu yenye muziki si ya uhalisia, basi. Hawa wamesahau walikotoka. Gran Turismo ya kwanza, ya Kazunori Yamauchi na timu iliyokuja kuitwa Polyphony Digital, ilitoka Japani Desemba 1997 ikijitangaza kuwa simuleta halisi ya uendeshaji, na ilipiga nyimbo za roki katikati ya mbio. Wengi wetu tulijifunza humo maana ya gari kusukuma mbele na kuteleza nyuma. Kumbuka pia kwamba PlayStation ya wakati ule ilikuwa na kilobaiti 512 tu za kumbukumbu kwa ajili ya sauti: injini, tairi, migongano, vyote vijibane humo. Gari lenye injini kubwa lilisikika kama mashine ya kukatia majani. Muziki ulisitiri mengi.

Kwenye gemu za mchezo tu, zisizodai uhalisia, muziki ulikuwa sehemu ya gari lenyewe. OutRun ya Sega, mwaka 1986, ilikutaka uchague wimbo kwenye redio kabla hujaondoka. Ridge Racer ya PlayStation ilipakia gemu nzima kwenye kumbukumbu, kiasi kwamba ungeweza kutoa diski yake na kuweka CD yako mwenyewe ukaendelea kukimbia na nyimbo zako. Ule ulikuwa ubunifu, na sioni cha kuudharau.

Siku hizi sababu ya kusitiri haipo. Watengenezaji hurekodi gari kwa maikrofoni kadhaa, kwenye ekzosi, kwenye mvuto wa hewa na ndani ya bodi, na kompyuta ina nafasi ya kuzipiga zote kwa pamoja. Ndiyo maana iRacing ya 2008 na Assetto Corsa ya 2014 ziko kimya njiani, kimya kwa maana ya muziki. Wakikufanyia kazi yote ile halafu ukaifunika kwa wimbo, umelipia kitu usichokitumia.

Hata hivyo Gran Turismo 7 ya 2022 walifanya jambo ninalolipenda: waliuwekea muziki chumba chake. Humo kuna aina ya mbio ambazo wimbo ndio saa yako, unapita kwenye mageti ili uongezewe mapigo, na lengo ni kufika mbali kadiri uwezavyo kabla hayajaisha. Hapo muziki ndio mchezo. Forza Horizon nayo imejengwa juu ya tamasha la muziki na redio za kuchagua. Kuzima redio mle ni kujinyima bure.

Jambo moja zaidi kuhusu kasi ya wimbo. Mwaka 2001 Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, alichapisha utafiti wa watu walioendesha kwenye simuleta huku wakisikiliza muziki. Kadiri mapigo ya wimbo yalivyokuwa ya haraka, ndivyo walivyoendesha kasi zaidi na kuvunja sheria za barabara zaidi. Unaweza kudhani kwenye mbio hilo ni jema, kasi si ndiyo tunayoitaka? Jipime mwenyewe. Kimbia mizunguko 10 na wimbo wa haraka, kisha 10 bila, uwanja uleule na gari lilelile. Usitazame mzunguko bora, tazama tofauti kati ya ulio bora na ulio mbovu. Kwa vijana ninaowaona, muziki huwapa mzunguko mmoja wa kujisifia na mingine ya kuokota vipande. Ligi hushindwa na anayerudia muda uleule mpaka wenzake wachoke.

Sasa lini uruhusu? Ukishaujua uwanja mpaka unaweza kuuendesha huku unaongea na mtu, na huna mpinzani. Nordschleife, ule uwanja wa Ujerumani wenye kilomita 20.8, gari la mtaani, usiku, hakuna saa: weka taarabu, weka singeli, weka upendacho. Kwenye mazoezi marefu ya kujenga uvumilivu, wimbo usio na maneno na ulioshushwa sana haudhuru, kwa sababu maneno ndiyo yanayoiba akili kuliko ala. Siku ya mbio na watu, zima. Utamhitaji yule wa redioni anayekwambia gari liko kulia kwako, na utahitaji kuisikia injini ya mwenzio ikikua upande mmoja kabla hujafunga mlango, yaani kumzibia njia.

Kama wewe ni miongoni mwa wanaotengeneza gemu, ombi langu ni dogo: vitenganishe vidhibiti vya sauti. Muziki wa menyu mbali, wa mbio mbali, injini mbali, tairi mbali, sauti za watu mbali. Nimekutana na gemu ambamo ukizima muziki unazima na menyu yote, unabaki kama uko ofisi ya serikali saa nane mchana.

Na kama unataka kurusha mbio zako YouTube, una sababu nyingine ya kuzima. Mfumo wao wa kutambua nyimbo haujali kwamba wimbo ulikuja na gemu uliyoinunua kihalali. Video yako inaweza kuzuiwa au mapato yake yakaenda kwa mwenye wimbo. Forza Horizon 5 wameweka kitufe maalumu cha warushaji kwa ajili hiyo. Gemu nyingine zitakutaka ushushe mwenyewe.

Vifaa visikutishe. Hedifoni ya bei ya kawaida inayofunika sikio lote inatosha kabisa, na kama unachezea kwenye kibanda cha gemu, ambako jirani ana spika ya kuita wateja, ni bora kuliko skrini kubwa. Mimi huweka tairi juu kabisa, injini chini yake kidogo, magari ya wengine sawa na injini, upepo robo, na sauti ya redioni juu ya vyote. Anzia hapo, kisha rekebisha kulingana na gari.