Je, ni kosa kumlilia mama ndani ya wimbo wa Noeli?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Ni mwanakwaya hapa Malindi. Katika nyimbo zote za Noeli, unaonigusa zaidi ni ule wa usiku wa kimya. Mama alikuwa akiuimba jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi, na akifika pale sauti inapopanda mkono unasimama, kifuu kimetulia, mpaka amalize mstari. Alitutoka mwaka jana. Mwaka huu nimepewa kuanzisha ubeti wa kwanza kwenye Misa ya mkesha, na kila mazoezi nalia. Mwenzangu ananiambia machozi hayo ni ya mama, si ya Yesu, na kwamba namwibia Mungu sifa zake. Je, nimwachie mwingine?

Jibu: Milele na milele, Amina. Pole sana, mwanangu. Usimwachie mtu.

Hilo analosema mwenzako lina uzito, usimkasirikie. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, aliungama kwamba kila uimbaji unapomgusa kuliko kile kinachoimbwa, anajiona ametenda dhambi. Lakini Augustino huyohuyo alifiwa na mama yake, Monika, kule Ostia mwaka 387, akajikaza. Mazishini hakutoa chozi. Akaenda hata kuoga, akitumaini maji yatamwondolea huzuni, wapi! Akalala, na alipoamka, peke yake kitandani, zikamjia beti za utenzi wa Askofu Ambrosi zinazomsifu Mungu muumba wa vyote, anayewapa waliochoka usingizi. Baadaye kidogo machozi yakamshinda, akayaachia, na ameandika kwamba alimlilia mama yake mbele za Mungu. Hakuona haja ya kutoka mbele za Mungu kwanza ndipo amlilie.

Sasa rudi jikoni kwenu. Mama aliposimamisha mkono, alikuwa akimwimbia nani? Hakuwa akikuimbia wewe. Kazi ya nyumba ilisubiri kwa ajili ya Mtoto aliyelazwa horini. Ukimkumbuka hivyo, unamkumbuka mtu aliyekuwa akimtazama Yesu. Basi usiishie usoni pake, tazama kule alikokuwa akitazama yeye. Hapo ndipo ningekuonya kidogo: wimbo ukikufikisha kwa mama tu ukakuacha hapo, endelea na ubeti wa pili.

Bikira Maria naye hakuanza na maneno mapya kabisa. Soma wimbo wake katika Luka 1, kisha usome ule wa Hana katika 1 Samweli 2. Utakuta wenye njaa wanashibishwa na wanyonge wanainuliwa kote kuwili. Wimbo wa mama mmoja uliingia kinywani mwa mwingine, na Mungu akaupokea.

Hata huo unaoupenda una habari yake. Maneno aliyaandika padre kijana wa Austria, Joseph Mohr, mwaka 1816. Alilelewa na mama ambaye hakuolewa. Baba yake, askari, alitoroka jeshi akawaacha. Tarehe 24 Desemba 1818 alimwomba mwalimu Franz Xaver Gruber autungie sauti, na usiku huohuo wakauimba kanisani Oberndorf kwa gitaa. (Wanaosema kayamba litaushushia heshima wakumbuke gitaa hilo.)

Kabla ya mkesha, kaa mbele ya pango, usome Luka 2 polepole mpaka mstari wa 19, pale Maria anapoyaweka yote moyoni. Mwambie mwalimu wa kwaya aweke mtu wa sauti ya kwanza kando yako, aushike mstari koo likikukaba. Nawe niletee jina la mama kabla ya tarehe 20, nilitaje katika nia za Misa hiyo.